Kabla hujabuku hoteli Zanzibar angalia mwezi kwanza (jibu refu kwa mkuu aliyesema Paje hakuna bahari)

Mkuu nimesoma swali lako na majibu ya wadau waliotangulia. Unasema mwaka jana ulienda Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na shemeji na watoto wawili, kila mkimaliza chai asubuhi bahari imekimbia iko kule mbali kwenye ule mstari mweupe, watoto wakaishia kwenye bwawa la hoteli, na sasa Desemba hii ya 2026 mna siku tano na unauliza uende Nungwi tu kule kaskazini au uachane na Unguja kabisa. Wengi wamekujibu nenda Nungwi, Paje hamna kitu. Mi natofautiana nao na ntaandika kirefu maana jambo lenyewe linaniuma, nimefanya kazi mapokezi kwenye hoteli za mashariki kule kwa miaka, swali la "bahari iko wapi" nimeulizwa na Wazungu, Wakenya, watu wa Dar, watu wa Mwanza, na karibu wote tatizo lao lilikuwa lile lile, walipanga tarehe kwa kuangalia ofa ya hoteli na ruhusa ya kazini, hakuna aliyewaambia waangalie mwezi. Nasema mwezi ule wa juu mbinguni.

Maelezo yake ni hivi. Maji yanajaa mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku, hilo wote tunalijua, ila kiwango chake siyo sawa kila siku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndo linakuja bamvua. Kwa kalenda ya Kiislamu hesabu tarehe 1 mpaka 4 hivi, halafu 14 mpaka 18. Hapo maji yakijaa yanafika mpaka kwenye ngazi za hoteli, na yakitoka yanatoka kweli kweli, tofauti ya juu na chini pale Unguja inakaribia mita 4. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, tarehe 7 mpaka 9 hivi na 21 mpaka 23, ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo, hayaendi mbali.

Sa kitu ambacho wageni wengi hawakijui na kila mvuvi wa Unguja anakijua toka mtoto, bamvua lina saa zake na hizo saa ni zile zile mwaka mzima. Siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakauka kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake, yanajaa saa nne asubuhi na kutoka saa kumi jioni. Kutoka bamvua kwenda maji mafu kila siku yanachelewa kama dakika 50, wakati mwingine zaidi ya hapo. Ukishashika hilo tu unaweza kukaa kwako Dodoma huko, ukaangalia kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, ukajua watoto wako wataogelea saa ngapi siku utakayofika Jambiani. Huhitaji hata apu, japo jedwali za maji zipo bure intaneti na ni vizuri kuhakikisha dakika.

Kwa hiyo ulivyoeleza, asubuhi pakavu na jioni mkakuta maji yamefika kwenye minazi, mlienda siku za bamvua tupu. Bahari ilikuwepo, ilikuwa inawasubiri saa tisa alasiri mpaka jioni, na saa hizo nyie mlikuwa kwenye gari mnaenda kuangalia vitu vingine maana ndo ratiba mliyopewa na mtu wa tua, yaani muuza safari za watalii. Hapo hoteli ilikuwa na wajibu wa kuwaambia. Mtu wa mapokezi anajua kabisa, kuna sehemu wanaandika saa za maji kwenye ubao pale mlangoni na mi nawapa heshima hao, sehemu nyingine wananyamaza wanaogopa mgeni atahama.

Sababu ya Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe, Kiwengwa kuonekana hivyo ni umbo la pwani yenyewe. Mashariki kuna mwamba umejipanga sambamba na ufukwe, kule yanakovunjikia mawimbi, na kati ya mwamba na ufukwe ni tambarare la mchanga lenye maji machache. Maji yakitoka tambarare lote linabaki wazi. Nungwi na Kendwa upande wa magharibi chini kunashuka haraka, kwa hiyo hata yakitoka bado una pa kuogelea. Ila angalia hapa mkuu, Nungwi yenyewe ina pande mbili. Ukibuku hoteli upande wa mashariki wa Nungwi kuelekea Mnarani kule kwenye kasa na kuendelea, nako maji yanakimbia vizuri tu. Watu wanalipa hela ya Nungwi halafu wanapata maji ya Matemwe. Kabla hujatuma hela waulize swali moja, jua linazama mbele ya hoteli au nyuma ya hoteli? Likizama mbele, maji yapo siku nzima.

Na Kendwa ni pazuri, mchanga mzuri, machweo mazuri, ila mwezi ukiwa mpevu kuna pati za usiku na muziki unapigwa mpaka kunakucha. Kama mngekuwa wawili ningesema nendeni. Na watoto wa miaka 6 na 9 sidhani kama shemeji atafurahia.

Kwa watoto mi mwenyewe napendelea mashariki, na sababu ni huo huo mwamba ambao watu wanaulaumu. Maji yakiwa nusu, yanapanda, lile tambarare linakuwa kama bwawa kubwa la maji ya uvuguvugu yanayofika mtoto kiunoni, mawimbi yamebaki nje huko, mzazi unakaa umewaona. Nungwi hatua chache tu mtoto hagusi chini, na boti zinapita pita. Tahadhari ya mashariki ni mbili. Moja, msisogelee mlango, yaani lile pengo kwenye mwamba maboti yanapopita, maji yakianza kutoka yote yanakimbilia pale na yana nguvu, hata mtu mzima anayejua kuogelea yanamvuta. Pili viatu. Nunueni vile vya raba kabla hamjavuka maana wale wadudu weusi wenye miiba mirefu wako wengi kwenye mawe na mwiba ukivunjikia ndani ya unyayo wa mtoto likizo imeisha.

Haya, sa na bamvua lenyewe nalitetea, maana watu wanalikimbia kama balaa na siyo. Bamvua ndo wakati pwani inafanya kazi. Nenda Paje au Jambiani saa tatu asubuhi siku ya bamvua utawaona kina mama wamejaa kwenye tambarare, wana vigingi na kamba, wanafunga mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kimeanza huku 1989 na kimebadilisha maisha ya vijiji hivi, wanawake wengi hela yao ya kwanza ya mfukoni mwao wenyewe ilitoka humo. Wanaenda bamvua kwa sababu ndo maji yanatoka vya kutosha kufikia mashamba yao, siku za maji mafu hutowaona wengi. Na siku hizi wana mtihani mkubwa, bahari imepata joto na ile aina yenye bei nzuri wanayoiita kotonii inakufa kwenye maji machache, kwa hiyo ukimkuta mama anafunga mwani pale jua la saa nne mgongoni usimpige picha kama unapiga picha ng'ombe. Msalimie kwanza, shikamoo mama, muulize habari za kazi, ukiomba picha akikubali sawa akikataa sawa. Wapo wanaopokea wageni na kuwatembeza shambani kwa malipo kidogo, watengenezaji wa sabuni za mwani wapo pia, hiyo hela inaenda kwa mwenyewe moja kwa moja. Watoto wangu walijifunza pale kwa asubuhi moja kuliko ambavyo wangejifunza kwenye tua yoyote ya kupangiwa.

Pweza vile vile. Wachokoaji wa pweza wanaingia mwambani bamvua, kwa hiyo ukitaka pweza aliyetoka baharini leo, apigwe apikwe na nazi, uliza siku hizo. Vijiji vingine wanafunga mwamba miezi kadhaa ili pweza wakue halafu wanafungua, ukibahatika kufika siku ya ufunguzi utaona kijiji kizima kimeshuka pwani. Ukija maji mafu pweza wa hotelini mara nyingi katoka kwenye friza, siyo mbaya, ila nakuambia tu.

Dagaa nao wana hesabu yao, wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo wanataka giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa taa wanapumzika na kutengeneza nyavu. Ukiona samaki kapanda bei sokoni angalia juu.

Na kuna vitu vingine vya watalii ambavyo vinategemea maji na mtu wa tua hakwambii. Lile fungu la mchanga karibu na mji wanaloliita Nakupenda, linaonekana maji yakitoka tu, yakijaa linafunikwa lote, kwa hiyo ukiuziwa safari ya mchana siku ambayo maji yanajaa saa saba utakaa pale muda mfupi halafu mnaambiwa pandeni boti. Ule mgahawa wa juu ya jiwe kule Michamvi Pingwe, maji yakitoka unaenda kwa miguu, yakijaa unapelekwa na kiboti. Watu wengi wanataka picha ya jiwe limezungukwa na maji, basi nenda jioni ya bamvua. Safari za Fumba za majahazi kutwa nzima, ratiba yake ya siku yote inaenda na maji, waulize wanaanzia fungu gani na saa ngapi. Hata msitu wa Jozani, lile daraja la mbao la mikokoni linapendeza zaidi maji yakiwa yamejaa, kaa na samaki unawaona chini yako. Jozani mpeleke mtoto, msiikose, kima punju wale wekundu kwa asili ni wa Unguja tu duniani kote, na wamezoea watu kiasi kwamba wanapita karibu na wewe. Msiwape chakula.

Kuhusu pomboo wa Kizimkazi ntasema ninavyoamini. Kijiji ni kizuri, na Dimbani pale kuna msikiti una maandishi ya mwaka 1107, mmoja wa misikiti ya kale kabisa pwani hii yote, ukipita vaa vizuri na uombe ruhusa. Ila ile ya boti kumi kuwazunguka pomboo na watu kujirusha juu yao mi wanangu siwapeleki. Kuna manahodha wastaarabu wanaozima injini na kukaa mbali, ukiwapata hao nenda, lakini kubaliana naye kabla hujapanda.

Upepo. Hili nalo linabadilisha kila kitu. Kuanzia Desemba mpaka Machi ni kaskazi, joto kali, jua, bahari ya wastani. Masika ni Machi mwishoni mpaka Mei, hoteli nyingine zinafunga kabisa, bei zinashuka, ukipenda kusoma kitabu na kusikiliza mvua ni wakati wako. Kuanzia Juni ni kusi, hali ya hewa baridi baridi nzuri, ila mashariki na kusini upepo unapiga na mwani wa porini unaletwa ufukweni kwa malundo, mtu anayerusha tiara za baharini Paje anafurahi sana, mtu mwenye mtoto mdogo anakaa amejifunika kanga. Kwa Juni mpaka Agosti ndo hapo na mi nakubaliana na wadau, nenda Nungwi au Kendwa, umekingwa. Wakati ninaoupenda mimi kuliko yote ni Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, maleleji, kusi imechoka na kaskazi haijashika, bahari inalala, maji yanakuwa maangavu kiasi kwamba unaona kivuli cha boti chini kwenye mchanga. Vuli ya Novemba na mwanzo wa Desemba inakuja na manyunyu lakini ni mvua ya saa moja halafu jua.

Anayekuja Julai aulizie Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, pale Makunduchi. Wanaume wanapigana kwa magomba ya migomba, kibanda kinachomwa moto, kina mama wanaimba wakiwa wamevaa nguo mpya, na wenyeji wanataka mgeni siku ile, nyumba isiyopata mgeni wa kula nayo wanaona siyo vizuri. Utakaribishwa ule na watu usiowajua. Hiyo huipati hoteli yoyote.

Boti kutoka Dar ni kama saa mbili. Kusi ikiwa kali inayumba, na mara nyingi kurudi Dar ndo kubaya zaidi maana Unguja iko kaskazini, ukirudi boti inakwenda uso kwa uso na upepo. Kaa chini, nyuma, katikati, usikae mbele kabisa hata kama kiti kinavutia. Kula kitu kikavu kidogo saa moja kabla, tangawizi inasaidia, dawa ya kichefuchefu mnywe kabla ya kuondoka siyo mkishaanza kutapika. Na ikitokea Mamlaka ya Hali ya Hewa wametoa angalizo na boti imeahirishwa usigombane na wakata tiketi wa watu. Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar, tulipoteza watu wengi sana, na Julai ndo kusi iko kwenye nguvu zake. Kwa boti ndogo za kwenda visiwani sheria yangu ni moja, kila mtoto avae jaketi lake la kuokolea na limtoshe, nahodha akisema "hapa karibu tu" shukeni.

Hela. Wabara tunaachia hela nyingi kwa kutouliza. Hoteli nyingi zina bei ya raia na mkazi ambayo iko chini ya ile ya mgeni inayoonekana kwenye mitandao ya kubukia, kwa hiyo ona picha huko, halafu piga simu hotelini moja kwa moja, sema sisi Watanzania tuko wanne, watoto wana umri huu, nipe bei ya raia na kifungua kinywa. Kitambulisho mbebe, bandarini mtahitaji na hotelini pia. Jambiani kuna gesti za kijijini safi kabisa, hatua chache kutoka baharini, zinaendeshwa na familia. Hoteli za kifurushi cha kula kunywa kila kitu mi siwashauri nyie, mtafungwa pale pale siku tano na hamtaonja kisiwa. Asubuhi tokeni mtafute mgahawa wa kijijini, mkate wa ufuta, maharage ya nazi, chai ya viungo, wanne mnashiba kwa hela ya sahani moja ya hotelini. Usafiri, daladala zipo, 116 Nungwi, 309 Jambiani, 324 Bwejuu kupitia Paje, ni za bei rahisi ila zinasimama kila mti, na mizigo na watoto siku ya kwanza chukueni gari ya kukodi na dereva, siku nyingine pandeni daladala watoto waone.

Pale bandarini mtapokelewa na mapapasi, vijana wa kuuza tua. Usiwanyanyase, wanatafuta riziki, ila usimpe mtu hela yote mkononi kwa safari ya kesho. Sema asante tuna mwenyeji wetu, tembea. Safari zenyewe zibuku kijijini unakolala, kwa nahodha uliyemuona na boti uliyoiona.

Mavazi najua mnajua ila nasema kwa wengine watakaosoma. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni. Ukivuka barabara kuingia kijijini kina mama wajifunge kanga, kina baba mvae shati. Watu wa kule hawatakufokea, watakaa kimya, na hicho kimya ndo ujue umewakosea. Anayepanga mwanzo wa mwaka 2027 ajue Ramadhani inatarajiwa kuingia kwenye tarehe 8 Februari kutegemea mwandamo, mchana msile wala kunywa barabarani hata kama siyo Waislamu, na jioni mtakula vizuri kuliko mwezi mwingine wowote.

Sa tuje kwako. Desemba 2026 mwezi mpevu unaangukia tarehe 24. Maana yake ukienda Krismasi kama ulivyoandika, tarehe 24 mpaka 28, unaenda tena kwenye bamvua lile lile la mwaka jana, asubuhi pakavu, maji saa kumi jioni. Na juu ya hapo ndo wiki ambayo hoteli zinapandisha bei ya sikukuu na nyingine zinalazimisha ulipie chakula cha usiku wa Krismasi. Shule zitakuwa zimeshafungwa wiki nzima na zaidi, kwa hiyo kama kazini wanakuruhusu, nenda Alhamisi tarehe 17, lala Jambiani au Paje mpaka Jumatatu ya 21. Mwezi unakuwa nusu tarehe 17, kwa hiyo siku mnayofika maji yanajaa kama saa nne asubuhi, Ijumaa saa tano kasoro, Jumamosi karibu saa sita, Jumapili saa saba hivi, Jumatatu karibu saa nane. Yaani kila siku mnakunywa chai, mnavaa, mnaingia baharini, jua likiwa kali mnatoka kula na kulala, na alasiri maji yanapotoka taratibu mnatembea kwenye mchanga kuangalia kaa na nyota za baharini. Mzitazame tu, mziache kwenye maji, zikitolewa kupigwa picha zinakufa. Ratiba ya mtoto yenyewe kabisa. Kama kazini hawakuruhusu na lazima iwe Krismasi, basi hapo ndo nakubali, nenda Nungwi ya machweo, au baki Paje ila geuza siku, asubuhi mwani na Jozani, mchana lala, kuanzia saa tisa ndo bahari.

Halafu ongezeni siku moja juu ya zile tano, usiku wa tarehe 21 lalieni mjini, Mji Mkongwe, msiondoke Unguja bila kulala pale hata usiku mmoja. Jioni Forodhani mkale urojo, mishkaki, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, mwangalie vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani. Kama watoto wameshakuwa na akili ya kusikiliza, wapelekeni Mkunazini kwenye lile kanisa la Waanglikana lililoanza kujengwa 1873 juu ya soko la watumwa, mwelezeni kwa maneno yenu wenyewe, msiache kazi hiyo kwa mtembeza wageni peke yake. Sokoni Darajani Desemba maembe ya boribo yanakuwa mengi, nunueni ya kula na ya kubeba.

Na asubuhi ya tarehe 22 maji yanakuwa yametoka kwenye saa mbili na nusu saa tatu, bamvua linakaribia, fungu la Nakupenda linakuwa juu lote. Ongea na mwenye boti usiku ule ule muondoke saa moja na nusu, mtakuwa wa kwanza kabla halijajaa watu, mkitoka hapo mnapita kisiwa cha Changuu kuwaona wale kobe wakubwa waliotoka Ushelisheli, saa sita mko mjini. Tiketi ya boti ya kurudi Dar ya saa tisa saa kumi ikateni mapema kabisa, hata leo mkiweza, wiki ile watu wanavuka kwenda na kurudi kwa wingi na ukichelewa unabaki na boti ya alfajiri peke yake, na hiyo inawakosesha asubuhi yenu ya kwenye fungu.